Humu Pia Hamna

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo saa nane mchana, na bati la stoo limevuja mahali palepale pa mwaka jana. Nimetega ndoo. Fundi wa mabati aliniapia kwamba kazi ile ni ya kudumu, na kweli imedumu, maana tundu bado lipo.

Daftari hili kaniletea binti yetu. "Baba, umesahihisha ya watu miaka thelathini na moja," akasema, "andika na yako." Basi naandika. Mimi ni mstaafu wa kiwanda cha uchapaji cha serikali, idara ya usahihishaji. Kitabu chochote cha serikali kilipita mezani kwangu kabla ya kwenda mashineni. Siku hizi nakusanya vitabu vilivyokwisha kupita mikononi mwa watu, vya siasa na vya marais: maisha yao, hotuba zao, kumbukumbu za makatibu wao na walinzi wao. Ninavyo mia nne na kitu. Viko stoo, na mke wangu ameipa stoo hiyo jina la Ikulu. "Ukitoka Ikulu," ataniambia, "njoo unishikie shuka nikunje." Naye husema rais wa nyumba hii anajulikana, na hakuna uchaguzi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepita kwa Jalada. Jalada ni muuza vitabu wa kwenye baraza ya sinema ya zamani. Jina lake la kweli silijui wala hajaniuliza langu. Aliponiona tu akaingiza mkono chini ya meza akatoa gunia. "Mzee wa marais, leo umeniota." Vitabu saba, vyote vya rais wa kwanza, vyote vimetoka kwa mtu mmoja. Viwili nilikuwa navitafuta miaka mingi. Kimoja ni kile cha serikali chenyewe, kile tulichokichapa sisi.

"Ila vimechafuliwa, mzee. Mtu kaandikaandika penseli humo."

"Hilo niachie mimi," nikamwambia.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu amesubiri nimalize chai ndipo akasema. Kaka yake anahama. Macho yamemwisha nguvu, mtoto wa jicho pande zote mbili, na binti yake anamchukua akakae naye huko anakofanya kazi. Wataondoka mwisho wa Mei, barabara ikipitika.

"Nenda ukamwombe radhi kabla hajaondoka," akasema. "Huko anakokwenda ni mbali, na nyote wawili hamrudi ujanani. Sitaki siku moja nimzike kaka yangu na wewe umesimama kando kama mpita njia."

Yaliyotokea niyaandike hapa, maana daftari halitanicheka. Miaka tisa iliyopita, harusi ya binti yetu, tumekaa meza ya wazee. Mazungumzo yakafika siku rais wa kwanza alipoachia madaraka. Shemeji yangu, aliyekuwa dereva wa magari ya serikali, akasema, "Siku ile alilia. Mimi nilimwona." Nikacheka. Nikamwambia kitabu cha serikali kimeandika kwamba aliwaaga watumishi wake kwa tabasamu, na sentensi hiyo niliisahihisha kwa mkono wangu. Yeye akashikilia alilia. Nami nikasema, kwa sauti ya kusikika meza tatu, "Usituletee uongo, shemeji. Wewe dereva unajua barabara, historia waachie wanaosoma." Watu wakacheka. Akaweka kikombe chini, akaenda kumtakia bibi harusi heri, akaondoka. Tangu siku hiyo hajakanyaga kwangu. Mke wangu humtembelea peke yake.

Nilikosea mahali pa kuyasemea, hilo nakiri. Lakini maneno yenyewe sijaona kitabu kinachoyapinga. Nimemwambia mke wangu nitakwenda mvua ikipungua.

"Mvua ndiyo kwanza imeanza," akasema.

Ijumaa, 14 Machi

Nimesafisha kitabu cha kwanza. Kwanza brashi ya kunyolea, kuondoa vumbi. Kisha raba laini, kufuta kwa kwenda upande mmoja tu, usirudi nyuma, karatasi isichanike. Mwisho makombo ya mkate mkavu, unayasugua taratibu kwa kiganja, yanabeba weusi wote uliobaki. Mke wangu anasema katika nyumba hii marais wanakula mkate kabla yake.

Aliyeandika humo ni mjuaji. Herufi kubwa, ndogondogo, zimebanana pembeni: SI KWELI. LANGO LA MASHARIKI LILIKUWA LIMEFUNGWA WIKI NZIMA. Nani kamwuliza? Kila baada ya kurasa chache anambishia mwandishi. Na kwenye ukurasa wa mwisho, ule mtupu, kaandika HUMU PIA HAMNA. Hamna nini, hasemi. Akili, labda. Nimefuta.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua. Ndoo moja.

Alhamisi, 20 Machi

Kitabu cha pili, kile cha katibu wake. Katibu anaapa kwamba rais hakuwahi kuvuta sigara maishani mwake. Mjuaji kaandika pembeni: ALIVUTA. KIBIRITI ALIKUWA ANAAZIMA. Nimecheka mpaka mke wangu akaja kuchungulia mlangoni. Nikafuta. Mwishoni tena: HUMU PIA HAMNA.

Jumanne, 25 Machi

Mvua. Ndoo mbili.

Ijumaa, 28 Machi

Kitabu cha tatu, na humo pia hamna. Nimemwuliza Jalada gunia lile lililetwa na nani. "Mama mmoja, bado kijana. Alisema ni vya mzee wake, havisomeki tena." Nikamwambia havisomeki kwa sababu ya hiyo michoro. Akacheka kwa adabu, kama mtu anayemcheka mteja.

Jumatano, 2 Aprili

Mke wangu: "Mvua itapungua lini?" Nikajifanya nasoma gazeti. Lilikuwa la juzi, naye alijua.

Jumatano, 9 Aprili

Cha nne na cha tano. Niseme kweli: Mjuaji nimeanza kumzoea. Naamka asubuhi nikiwa na hamu ya kujua leo atamkamata nani. Balozi mmoja ameeleza safari ya rais kwenda kaskazini kwa kurasa kumi, milima, mawingu, umati barabarani. Mjuaji: MAWINGU GANI? ALILALA TOKA TULIPOTOKA. UMATI NI WALE WALIOKUJA KUTUSUKUMA KWENYE TOPE. Huyu mtu alikuwa karibu na mambo. Labda mpishi, labda mhudumu. Natamani ningepata kukaa naye kikombe kimoja cha chai, nimwulize ni kitu gani anachokitafuta kitabu baada ya kitabu asikione.

Nimefuta hata hivyo. Kitabu ni kitabu, si ukuta wa choo. Nimefuta makosa ya watu miaka thelathini na moja, mkono wenyewe unakwenda.

Ijumaa, 18 Aprili

Leo zamu ya kitabu chetu, cha serikali. Nilifungua moja kwa moja ukurasa ule. Aliwaaga watumishi wake kwa tabasamu, akaingia garini. Ni sentensi nzuri. Mkato ule niliuweka mimi; mwandishi alikuwa ameusahau.

Mjuaji kauzungushia ukurasa mzima maandishi, pembeni, juu, mpaka chini. Yanaanza hivi: TABASAMU LILIISHIA MLANGONI. Nilisoma hayo tu. Damu ikanipanda. Kumbe uvumi wa shemeji umeenea kuliko nilivyodhani, hata Mjuaji ninayemheshimu naye kaumeza! Sikusoma zaidi. Nilishika raba nikafuta kwa nguvu, nikaenda na kurudi, kinyume na kanuni yangu mwenyewe, mpaka karatasi ikafanya manyoya.

Mwishoni: HUMU PIA HAMNA. Nikafuta na hilo.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua usiku kucha na mchana kutwa. Ndoo tatu na sufuria.

Jumamosi, 26 Aprili

Bati limeachia kabisa. Baada ya chakula cha mchana tulisikia kishindo, tukakuta maji yanaporomoka juu ya rafu ya hotuba.  Mke wangu alifunga khanga kiunoni akaanza kubeba. Yeye ambaye hajawahi kugusa kitabu changu hata kimoja alibeba marais kwa mafungu mpaka sebuleni, akawapanga juu ya viti, juu ya meza, juu ya kitanda chetu. Tulibeba kwa saa mbili. Nilimpenda sana leo, na niliona haya kwa miaka yote niliyofikiri hakielewi kitu ninachokipenda.

Vilivyolowa tulivifungua kurasa, tukavisimamisha mbele ya feni. Kimojawapo kilikuwa cha saba cha lile gunia, ambacho sijakigusa kwa raba. Nilikuwa nakamua tambara jikoni nikasikia ananiita. Sauti yake ilikuwa ngeni.

"Hiki umekipata wapi?"

"Kwa Jalada. Usijali hiyo michoro, nitaifuta."

"Mzee, huu ni mwandiko wa kaka."

Nikamwambia herufi kubwa hufanana, kila mtu huandika hivyo.

"Mimi kusoma kanifundisha yeye, kwa mkaa, kwenye mlango wa jiko la mama. Hii R yenye mguu mrefu naijua kuliko sura yangu." Akaweka kidole juu yake asiiguse. "Miaka tisa anasoma. Alinikataza nisikwambie. Alisema siku akikipata anachokitafuta atakuja mwenyewe." Kisha akageuka kunitazama. "Vilikuwa vingapi?"

"Saba."

"Vingine viko wapi? Nionyeshe."

Nilimletea. Alifungua cha kwanza, cha pili, cha tatu. Vyeupe, safi, kama nilivyozoea kujisifu. Alinusa kurasa. Mkate.  Alikaa sakafuni katikati ya vitabu vyote vile akalia, na mimi nilisimama na tambara mkononi, sijui niliweke wapi.

Jumapili, 27 Aprili

Hakuna la kuandika.

Jumanne, 29 Aprili

Nimevipeleka vitabu dirishani kimoja kimoja. Penseli ikikandamizwa huacha njia kwenye karatasi, na ukiinamisha ukurasa kwenye mwanga wa ubavuni unaweza kuiona. Nimeokota neno hapa na neno pale: LANGO. KIBIRITI. TOPE. Lakini kwenye ukurasa wa tabasamu hamna kitu, manyoya matupu. Pale nilifuta kwa hasira, na hasira yangu ilifanya kazi nzuri.

Miaka tisa ya mtu. Nilimwambia historia awaachie wanaosoma, akaenda akasoma, nami nikaja nikafuta. Najionea aibu, na sina wa kumsingizia, hata mvua.

Jumamosi, 3 Mei

Nimekwenda. Mvua ilikuwa inanyesha vilevile.

Anakaa chumba cha uani, ng'ambo ya karakana ya magari. Mlango ulikuwa wazi, yeye amekaa kitandani kati ya maboksi yaliyokwisha kufungwa kamba.

"Hodi."

"Karibu. Nani?"

"Ni mimi, shemeji."

"Shemeji yupi? Nina dada watatu, na wote wameolewa na watu wa maneno."

"Yule mwenye maneno kuliko wote."

 Nikasikia mvua yote iliyokuwa juu ya bati lake. "Kaa," akasema mwishowe. "Kuna kiti hapo, kama binti yangu hajakifunga kamba."

Nilitoa vitabu kwenye mfuko nikamwekea magotini. Alivipapasa akavijua, akatabasamu kidogo. "Kumbe vimeangukia kwako. Vingeangukia wapi?" Alifungua kimoja, akakisogeza mpaka puani, akakihamisha kwenye mwanga wa mlango. "Macho haya," akasema. "Penseli yangu mwenyewe siioni siku hizi."

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Niliyaacha yote.

"Si macho, shemeji. Nimeifuta."

"Umefuta nini?"

"Yote. Vitabu sita. Nilidhani ni uchafu. Sikujua ni wewe."

Hakunifokea. Ningependa angenifokea. Alikifunga kitabu taratibu. "Nilikuwa natafuta kitabu kimoja tu kinachosema alilia," akasema. "Kimoja. Nije nikiweke mezani kwako, ninywe chai yako, niondoke. Kila nikimaliza kimoja, humo pia hamna. Nikaanza kufikiri labda nilikuwa naota."

"Hukuwa unaota. Wewe ulikuwepo. Mimi sikuwepo, niliweka mkato tu. Nilikuita mwongo mbele ya watoto wako na wangu, na miaka tisa nimejua kwamba nilikuumiza, nikasubiri mvua ipungue. Nisamehe."

Alikuna kidevu.

"Huo mkato, ulikuwa mahali pake?"

"Ulikuwa mahali pake."

"Afadhali hilo." Kisha akaniuliza kama nilisoma kabla ya kufuta. Nikasema mengine nilisoma. "Taja moja."

"Alivuta. Kibiriti alikuwa anaazima."

Alicheka mpaka akakohoa, nikampigapiga mgongoni. "Kibiriti changu! Hakurudisha hata njiti!" Alipotulia akafuta macho kwa kiganja. "Fungua hicho kitabu, shemeji. Soma kwa sauti. Nikisema simama, usimame. Una cha kuandikia?"

"Nina penseli."

"Penseli wewe ni marufuku. Tafuta kalamu."

Jumatano, 7 Mei

Kitabu cha katibu. Nilisoma kurasa tisini, akanisimamisha mara ishirini na mbili. Mengine ni yale niliyoyafuta, nayakumbuka. Mengine ni mapya. Mara mbili nimembishia, na mara moja nimeshinda.

Jumatatu, 12 Mei

Manyunyu. Mke wangu amekuja nami leo. Alikaa mlangoni anashona kifungo kimoja saa mbili nzima.

Jumapili, 18 Mei

Kitabu cha balozi. Sauti imenikauka. Bado kimoja, na sote tunajua ni kipi.

Jumamosi, 24 Mei

Nilisoma mpaka sentensi ile. Aliwaaga watumishi wake kwa tabasamu, akaingia garini. Nilisimama kabla hajaniambia. Pembezoni karatasi ina manyoya na wino unasambaa, kwa hiyo nilifungua ukurasa mtupu wa mwisho, nikaandika kama alivyosema, bila kuongeza hata nukta:

Tabasamu liliishia mlangoni. Mlinzi alipanda gari la mbele. Katika langu tulikuwa wawili, yeye na mimi. Tulipopita kona akaniambia nipunguze mwendo. Nikatazama kwenye kioo. Machozi yalikuwa yanamtoka na hayafuti. Sikuwa na leso. Nikampa kitambaa cha kufutia kioo cha gari, kinanuka petroli. Akajifuta, akakikunja vizuri pembe kwa pembe, akanirudishia. Akasema, Endelea, tusiwachelewesha wenzetu.

"Tusiwacheleweshe," nikasema.

"Alisema tusiwachelewesha. Alikuwa analia, shemeji. Acha kusahihisha."

Nimeacha.

Nikamwuliza, kwa upole safari hii, kama basi anaona rais yule hakuondoka kwa hiari yake. Alishangaa. "Nani kasema? Aliondoka mwenyewe, hakuna aliyemsukuma. Mtu huweza kuondoka kwa hiari yake na bado akalia. Mimi naondoka Jumamosi ijayo, na hakuna aliyenilazimisha."

Aligeuzia uso dirishani. Mimi nilikuwa na leso. Nikampa.

Jumamosi, 31 Mei

Jua tangu asubuhi. Shemeji ameondoka saa tatu. Jana alikuja kwetu, mara ya kwanza tangu harusi. Alikunywa chai yangu vikombe viwili, akaomba aingizwe Ikulu, akapapasa rafu yote kutoka mlangoni mpaka dirishani. Vitabu saba amekataa kuvichukua. "Vikae hapa," akasema. "Huko nani atanisomea kwa ubishi?" Tumekubaliana nikipata kingine nimpigie simu, nimsomee kwa simu, na gharama ya maji ya kulainisha koo ni juu yake. Dada yake alimshika mkono mpaka garini, nami nilibeba boksi.

Fundi wa mabati yuko juu ya stoo sasa hivi, anaapa tena.

Nimekirudisha kitabu cha serikali mahali pake, kisha nikakitoa tena. Kwenye ule ukurasa wa mwisho, chini ya maneno niliyoandikishwa, ukikiinamisha kwenye mwanga bado unaona njia ya penseli yake ya zamani: HUMU PIA HAMNA. Nimechukua kalamu ya wino, nikaandika chini yake kwa herufi kubwa, R yenyewe haimo lakini ningeiandika kwa mguu mrefu: HUMU YAMO.